Usingoje Digrii Ndiyo Uanze Kuhesabu

Hapa Makongeni, Thika, mjadala haubadiliki: kusomea biashara kunasaidia ama ni kuchoma karo? Anayeuza mtumba atakwambia hakukanyaga chuo na anakula. Aliyemaliza chuo naye bado anatuma CV.

Mimi nilisomea masoko, na msimamo wangu ni huu: darasa linasaidia, lakini anayefaidika zaidi ni yule anayeingia na biashara yake mwenyewe, hata kama ni ndogo.

Nikiwa mwaka wa pili niliuza viatu. Nilinunua jozi 10 kwa shilingi 500 kila moja, nikauza kwa 700. Simu iliposoma 7,000 nilijiona nimeomoka. Nikaweka 800 kando ya nauli na mahali pa kuuzia, kisha nikatumia 3,200 kwa chakula na bando. Zikabaki 3,000. Safari iliyofuata nilinunua jozi sita tu. Faida yangu ilikuwa 1,200, kumbe nilikuwa nimekula na 2,000 za mtaji.

Cha kuchekesha ni kwamba muhula huo huo tulifunzwa mtiririko wa pesa, na mtihani nikapita vizuri. Sikujua mwalimu alikuwa anaongea kuhusu viatu vyangu. Nilielewa siku nilipoitisha taarifa ya miamala ya simu nikaanza kuipiga mistari: hii ni mauzo, hii ni mtaji, hii ni tumbo langu.

Hata Chuo Kikuu cha Mount Kenya, jirani yetu hapa Thika, kilianza kidogo. Mwanzilishi wake, Simon Gicharu, alianza na mafunzo ya kompyuta, na mwaka 2011 kikatambuliwa rasmi kuwa chuo kikuu kamili.

Kwa hivyo, kama uko chuoni, anza na kitu kimoja cha kuuza. Pokea malipo kwa namba ya till, usichanganye na pesa za matumizi. Jilipe siku moja kwa wiki, kiasi ulichopanga. Kila mwisho wa mwezi itisha taarifa, uipeleke darasani uulize maswali.

Na kama hujasoma, usijione umechelewa. Taarifa hiyo hiyo unayo kwa simu yako. Anza kuipiga mistari leo jioni, kabla hujaenda kununua stoki ya kesho.