Kujibizana kwa Mifumo: Kilindini na Ushairi wa Muyaka

Wapo wenzetu katika fasihi wanaodai kwamba usanifu wa kompyuta hautuhusu. Siafiki. Kiini cha usanifu huo ni namna pande mbili zisizojuana kwa undani zinavyopelekeana ujumbe, na hilo ni jambo letu la jadi.

Tutazame hapa kisiwani. Mzigo ushukao Kilindini hupitia bandari, forodha, wakaguzi na mabenki. Mwaka 2005 forodha ilianza kutumia mfumo wa Simba. Mwaka 2008 bandari ikaleta KWATOS. Mwaka 2014 TradeNet ikazinduliwa rasmi iwe dirisha moja la nyaraka. Kila mfumo ulikuwa na fundi wake na zama zake. Mifumo ya namna hiyo izungumzeje?

Njia ya kwanza ni mwito wa papo kwa papo: mfumo huuliza, kisha husimama ukingoja jibu. Kwa swali dogo sina ugomvi nayo. Lakini mwulizwaji akizimika, mwulizaji naye hukwama, na mwenye mzigo huendelea kuhesabiwa siku za ghala kwa kosa lisilo lake. Njia ya pili ni kuuweka ujumbe katika foleni inayouhifadhi, mpokeaji ausome aamkapo. Nayo ina taabu zake: mtumaji hajui mara moja kama amesikika, na ujumbe huweza kufika mara mbili. Hivyo sharti kila ujumbe uwe na nambari yake, tamko moja la forodha lisije likahesabiwa mawili. Taabu hizo, kwa maoni yangu, bandari inaweza kuzibeba; kukwama haiwezi.

Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana na washairi wa Lamu, na kati yao palikuwa na bahari. Vina na mizani vilikuwa mkataba. Yaliyomo kifuani mwa mjibu yalikuwa yake. Hivyo ndivyo ifanyavyo EDIFACT, kanuni ya Umoja wa Mataifa ya tangu miaka ya 1980: huamuru umbo la ujumbe wa biashara, haiulizi mashine ya ndani.

Ndiyo maana siipendi istilahi ya “mifumo legevu”. Kilicholegea kwetu ni fundo linalokaribia kufunguka, ilhali hapa mkataba wa umbo ni mkali kama mizani. Napendekeza “mifumo ya kujibizana”. Mwenye istilahi bora na ailete katika toleo lijalo.