Mabinti waje kambini na nywele zao

Likizo ikikaribia, kambi za soka za watoto hutuma ujumbe kwa wazazi: njumu, soksi, chandarua, ndala. Kuna baadhi huongeza mstari wa mwisho: binti anyolewe. Pale Mkuyuni, Mwanza, mama aliyezitunza nywele za mwanaye wa miaka minane akifika hapo anafunga simu. Winga kapotea hivyo, hata mpira hajaugusa.

Shule nyingi za serikali zinataka nywele fupi, sawa. Lakini kambi ya wiki moja nayo inyoe kwa sababu gani? Kocha anaogopa usumbufu tu.

Jamani, wasusi wapo kila mtaa. Twende kilioni ya nywele zake mwenyewe, isiyobana, isukwe siku mbili kabla ya safari ili kichwa kisiume akilala. Inamaliza kambi nzima. Rasta ndefu ziachwe, na shanga pia. Sheria Namba 4 ya soka haitaki kitu cha hatari mwilini. Usiku afungwe kitambaa. Kazi hiyo ni ya matroni, kama yupo. Kama hayupo, hiyo kambi ya mabinti wadogo ina tatizo kubwa kuliko nywele.

WAFCON ya Morocco, 2025, Twiga Stars wakiwemo, misuko ilijaa uwanjani.