Mama Amerudi Kazini, Mtoto Anyonye Nini?



Aya ya 233 ya Suratul Baqara tunaisomesha kila darsa: miaka miwili ya kunyonyesha kwa mwenye kutaka kutimiza, na baba ndiye wa kumlisha na kumvisha mama huyo. Sasa tazameni shule zetu wenyewe za Kiislamu hapa Uganda. Sheria ya Ajira ya 2006 ilimwekea mama siku 60 za kazi, baba siku 4. Mwalimu anarudi darasani mtoto hajatimiza miezi minne, na shuleni hakuna hata chumba cha kukamulia maziwa. Nyumbani mtoto anaanzishwa uji kabla ya wakati wake, kisha yaya ndiye analaumiwa!

Enyi wakuu wa shule, chumba chenye mlango, kiti na maji ni gharama gani? Minara ya misikiti tunaichangia.

Nanyi akina baba, mtoto wa miezi sita haachi ziwa, ila sasa anahitaji pia uji mzito, yai, matoke ya kuponda na karanga za kusaga, mara mbili au tatu kwa siku. Vinunueni nyinyi. Mshahara wa mama ni wake, msiuhesabu.

Wabillahi tawfiq.