Ushujaa Unaorudi Kumchukua Majeruhi

Kila redio inapotaja Goma au Beni, familia zenye kijana jeshini hunyamaza ili zisikie vizuri. Ndivyo ilivyo mijini, na ndivyo ilivyo katika vigango vya Ulaya, Kilosa na Mikumi. Tangu mwaka 2013 askari wa Tanzania, pamoja na wenzao wa Malawi na Afrika Kusini, wametumwa mashariki mwa Kongo kulinda raia. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki ilishambuliwa, wakafa Watanzania wasiopungua 14. Mwezi Januari 2025 Goma ilitekwa na waasi wa M23, na miezi miwili baadaye SADC ikaamua kuviondoa vikosi vyake. Hapo wengi wameuliza kwa uchungu: je, waliokufa walikufa bure?

Kabla hatujajibu, tulitazame tukio moja. Tarehe 14 Novemba 2018, karibu na Beni, vikosi vya Umoja wa Mataifa vilikuwa vikirudi nyuma chini ya risasi nyingi za waasi wa ADF. Koplo mmoja wa Tanzania alijeruhiwa, akashindwa kutembea. Praiveti Chancy Chitete wa Malawi alimburuta hadi mahali penye usalama zaidi, akaanza kumhudumia ili damu isiendelee kumtoka. Akiwa katika kazi hiyo, naye alipigwa risasi, akafa. Mtanzania yule alipona. Mwezi Mei 2019 mjane wa Chitete alipokea mjini New York nishani ya ujasiri yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyeokoa watu wengi nchini Rwanda mwaka 1994 hadi naye alipouawa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba tendo kuu la fadhila ya nguvu ni kustahimili katika hatari kwa ajili ya jema, kuliko kushambulia. Chitete hakukumbukwa kwa idadi ya maadui aliowaua. Alikumbukwa kwa sababu alimwona jirani ameanguka njiani, asiye wa taifa lake, naye hakupita kando.

Hatusemi kwamba nishani huifanya vita kuwa njema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano unamwita askari mtumishi wa usalama na uhuru wa mataifa, lakini pia unalaani maangamizi ya raia. Nchi yetu inalijua hilo. Mwaka 1916 majeshi ya wakoloni yalipopigania Kilosa na kuelekea kusini, wapagazi wetu walibeba mizigo ya vita isiyo yao, na wengi wao hawana hata kaburi linalojulikana.

Basi, je, walikufa bure? Siasa inaweza kushindwa, na mikataba ikavunjwa. Lakini uhai uliookolewa haufutwi na kushindwa huko, wala upendo uliomtoa mtu nafsi yake haupotei mbele ya Mungu.

Kwa hiyo, waamini wapendwa, tusiwaachie jeshi peke yake wajane na yatima wa askari. Jumuiya Ndogo Ndogo ziwatembelee, ziwaombee marehemu wao katika Misa, na ziwaombee pia watu wa Kivu, ambao bado hawajaiona amani.