Kubadili Mwenye Reli Hakuzai Dereva

Iko itikadi iliyokita mizizi Uingereza, nchi ambayo reli ni kadhia ya kila asubuhi, na watu huipokea bila ya kuitakia burhani: kwamba treni za abiria zikifutwa siku baada ya siku kwa kukosa madereva, dawa yake ni kumwondoa anayeziendesha na kumweka mwingine mahali pake. Wapendao biashara huria husema serikali iachie reli wapewe wenye mitaji. Wapendao mali ya umma husema wenye mitaji wanyang'anywe reli irudi serikalini. Na makundi haya mawili, ambayo katika mambo mengine hayasikilizani kabisa, yamekubaliana katika jambo hili moja, na katika jambo hili yamekosea yote mawili. Wala sisemi kwa kubahatisha, maana ushahidi wa miaka takriban 30 uko bayana kwa kila mwenye kutaka kuutazama.

Tuangalie kwanza kinachobadilika usiku wa makabidhiano. Njia ya reli si mali ya mwendeshaji. Ni ya Network Rail, shirika la umma. Treni zenyewe, kwa wingi wake, si zake pia, bali hukodiwa kwa makampuni ambayo kazi yao ni kununua treni na kuzikodisha. Madereva nao, kwa mujibu wa kanuni zilizotungwa mwaka 1981 na kuandikwa upya mwaka 2006, huhamia kwa mwajiri mpya pamoja na mishahara yao na masharti yao ya kazi, hata dereva aliyelala Jumamosi akiwa mtumishi wa kampuni moja huamka Jumapili akiwa mtumishi wa nyingine, akaingia katika chumba kile kile cha treni ile ile kwa zamu ile ile. Kilichobadilika ni nembo ubavuni mwa behewa, majina ya wakurugenzi, na anwani ya kupelekea malalamiko. Ikiwa jana madereva walipungua 50, leo wamepungua 50 vile vile, na hapana sherehe ya kukata utepe iwezayo kuwazaa.

Kwani dereva haokotwi sokoni. Kumfunza mtu asiyejua lolote mpaka akaaminiwa peke yake na treni iliyojaa watu huchukua mwaka na zaidi: kwanza darasani, akijifunza kanuni na ishara, kisha mamia ya saa akiendesha huku mwalimu yuko kando yake, mchana na usiku, kiangazi na kipupwe. Na hata akifuzu, cheti chake hakimpi ruhusa ya kwenda popote. Lazima aijue njia, na kuijua njia ni jambo ambalo abiria aliyeketi na gazeti lake hawezi hata kulikisia. Chukua njia ya Thameslink, itokayo Bedford upande wa kaskazini, ikapita chini ya katikati ya London, ikateremka hadi Brighton pwani ya kusini. Dereva wa njia hiyo sharti ajue kila taa ya ishara imesimama wapi na inahukumu reli ipi, pale ambapo reli nne huenda sambamba. Ajue pa kuanzia kufunga breki ili mabehewa 12 yasimame sawasawa na kibao cha mwisho wa jukwaa, na ajue pia pa kuanza mapema zaidi katika majira ya majani kupukutika, ambapo reli huteleza kana kwamba imepakwa sabuni. Autambue mteremko ambao gizani hauonekani. Na afikapo sehemu za Farringdon, ahamishe treni kutoka umeme wa waya wa juu wenye volti 25,000 kwenda umeme wa reli ya tatu wenye volti 750, abiria wakiwa wamekaa nyuma yake hawana habari. Mambo hayo hayamalizwi kitabuni. Hupatikana kwa kupanda na dereva mwenyeji wa njia, safari kwa safari, mpaka mwenye mamlaka ya kupima aridhike na kutia sahihi.

Tarehe 20 Mei 2018 ratiba mpya ilipoanza, na treni za Great Northern zikaunganishwa na njia hiyo ya katikati ya London kupitia mahandaki yaliyokuwa yamefunguliwa mwaka ule ule, madereva walikuwapo, lakini wengi wao hawakuwahi kufundishwa njia hizo, na treni zikafutwa kwa mamia. Mwendeshaji hakubadilishwa siku ile. Waliokuwapo walikosa maarifa ya njia, na maarifa ya njia hayaagizwi kwa tangazo la wizara.

Sasa mtu na ajiulize kwa insafu: kampuni iliyobakiwa na mwaka mmoja na nusu katika mkataba wake, na isiyojua kama zabuni ijayo itaangukia kwake, itafungua darasa la madereva watakaofuzu siku ya kwenda kumtumikia mshindani? Gharama ni yake, manufaa ni ya mrithi. Simtuhumu mkurugenzi yeyote kwa uovu, kwa kuwa mkataba wenyewe ndio unaompa sababu ya kuliacha darasa lipungue, na kuziba mapengo kwa kuwaomba waliopo wafanye kazi siku zao za mapumziko, na kumwachia ajaye deni lisiloandikwa katika daftari lolote. Ndivyo ilivyodhihirika tarehe 14 Septemba 2014, kampuni ya Govia Thameslink ilipozipokea njia za Thameslink na Great Northern kutoka kwa First Capital Connect na kukuta madereva ni wachache kuliko ilivyotazamia. Na kabla jeraha hilo halijapona, mwaka 2015 ikaongezewa na njia za Southern. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi wa Hesabu, katika ripoti yake ya Januari 2018, haikuishia kwa kampuni, bali iliinyoshea kidole Wizara ya Uchukuzi yenyewe, kwamba haikujiridhisha vya kutosha kuwa madereva wangetosha siku ya makabidhiano. Wizara hiyo ndiyo iliyoupima mkataba, ikausifu na kuutia sahihi; nayo haikujiridhisha juu ya idadi ya watu ambao bila yao hakuna treni iondokayo stesheni. Hilo kwangu ndilo kosa kubwa kuliko yote yaliyofuata.

Mrithi naye huweza kuleta uhaba kwa mkono wake mwenyewe. Njia za kusini-magharibi ya London zilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kupewa mfanyabiashara, kampuni ya Stagecoach, mwezi Februari 1996. Haukupita muda, ikawapa madereva kiinua mgongo cha kuondokea kwa hiari, nao wakaondoka kwa wingi, hata mwanzoni mwa 1997 makumi ya treni yakawa yanafutwa kila siku, na mwenye mamlaka ya kusimamia mikataba akaitishia kampuni faini ya pauni milioni 1. Waliotoka walikuwa wamebeba vichwani mwao miaka ya kuijua njia, na siku walipohitajika, fedha iliyookolewa haikuweza kuwarudisha.

Ujerumani mambo yalikwenda mbali zaidi. Huko dereva aghalabu habebwi na kanuni kumfuata mwendeshaji mpya, na kampuni ya Keolis, iliyokwisha kushinda zabuni ya njia za S1 na S4 za mkoa wa Rhein-Ruhr, ilinyang'anywa mkataba mwezi Septemba 2019, miezi mitatu tu kabla ya kuanza, kwa kuwa haikuwa na madereva wa kutosha. Deutsche Bahn, aliyekuwa aondoke, akabaki.

Huko Uingereza, hoja hizi zikimfikia mtetezi wa itikadi ile, hukimbilia kumlaumu dereva: ni mvivu, analipwa vizuri, na bado anakataa kufanya kazi siku yake ya kupumzika. Lawama hii ni dhuluma. Shirika lisiloweza kutimiza ratiba yake lenyewe mpaka watumishi watoe mapumziko yao kwa hiari limekiri kwa kitendo kwamba halijaajiri watu wa kutosha, na mtumishi anayekaa nyumbani na wanawe siku ambayo mkataba umempa hamwibii mtu. Serikali nayo haiponi kwa kuwa ni serikali. Njia za Northern zimo mikononi mwake tangu tarehe 1 Machi 2020, na miaka kadhaa baadaye treni za Jumapili zilikuwa bado zikifutwa kwa kukosa watumishi, kwa sababu masharti ya zamani yanayoiweka Jumapili nje ya wiki ya kazi kwa baadhi yao yalihama pamoja nao kutoka mwajiri hadi mwajiri, na hakuna aliyekaa nao akayamaliza. Kampuni ya TransPennine Express nayo ilitwaliwa na serikali tarehe 28 Mei 2023. Hali ilipoanza kutengemaa, ilikuwa ni baada ya kupatana na madereva juu ya siku za mapumziko, na baada ya kupunguza safari katika ratiba ya Desemba mwaka ule ili walionyimwa mafunzo wapate nafasi ya kufunzwa. Kampuni ya zamani ingeweza kuyafanya yote mawili, lau ingetaka na kuruhusiwa.

Mimi natokea upande wa wanaoamini kwamba reli ni amana ya umma, na ndiyo sababu nasema nao kwa ukali zaidi kuliko ninavyosema na wafanyabiashara: msiwaahidi abiria kwamba bendera ya serikali itawaletea treni ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ulizeni badala yake, kabla ya siku ya makabidhiano, madereva wangapi wanakaribia kustaafu, wangapi wako darasani, na kila mmoja amepimwa kwa njia zipi. Iandikwe katika kila mkataba, wa umma na wa binafsi, kwamba darasa la madereva halifungwi mpaka siku ya mwisho, na kwamba atakayelifunga atamlipa anayempisha gharama ya kila dereva aliyepungua.