Usimuuzie mteja taa kabla hujajua maji yake

Leo naongea na sisi tunaouza vifaa vya matangi ya samaki mtandaoni, hasa matangi ya maji chumvi yenye matumbawe. Najua tuko wachache. Ila kama unauza chochote kinachohusu kiumbe hai, soma tu, utapata chako.

Tatizo letu ni picha. Unawasha taa ya bluu, tumbawe linang'aa kijani na pinki kama kitenge kipya, unapiga picha, unaposti, inboksi inajaa. Mteja anauliza "bei gani?" na "wati ngapi?" Unamjibu, analipa, mzigo unaondoka na boda. Hakuna aliyeuliza tangi lina lita ngapi wala maji yakoje. Mimi nasema hapo umeuza picha, hujauza taa.

Nayasema haya kwa sababu yamenikuta. Nilimuuzia dada mmoja taa ya LED ya wati 90 kwa tangi la lita 40. Aliniuliza kama si kubwa sana. Nikamjibu, "Dada, hii ndiyo kali, hutajuta." Nilitaka mzigo utoke tu. Akaifunga, akaiwasha asilimia mia, saa 12 kwa siku. Siku ya tisa akanitumia picha, matumbawe meupe kama chokaa. Jioni yake picha ileile ikawa kwenye grupu la wafugaji wa samaki, na jina la duka langu chini yake. Wateja wawili walioahidi kulipia wakakaa kimya. Nikamrudishia hela yake yote, shilingi 210,000. Kwa mtaji wangu mimi hiyo ni kodi ya fremu.

Kemia niliacha shule nikiwa na F, sifichi. Lakini baada ya hapo nilisoma kuliko nilivyosoma Form Four yote.

Ndani ya mwili wa tumbawe kuna mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani huo unatumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho inaliwa na tumbawe lenyewe. Mwanga ukizidi ghafla, mwani unaanza kuzalisha sumu, na tumbawe linautema. Ule weupe ni mifupa yake inayoonekana kupitia ngozi. Siku hiyo bado halijafa, ila limebaki na njaa.

Sasa wati inakuambia umeme unaotumika, haikuambii mwanga gani unafika kule chini. Mwanga unaofaa tumbawe unapimwa kwa PAR. Matumbawe laini yanaridhika na PAR 50 hadi 150, yale magumu yenye matawi yanataka 200 na kuendelea. Taa ileile ukiishusha karibu na maji ni kitu kingine kabisa na ukiipandisha. Kipimo cha PAR ni ghali, wengi wetu hatuna, kwa hiyo mwambie mteja aanze na asilimia 20 au 30, saa 8 kwa siku, apandishe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ushauri huo ni bure na ungeniokolea laki mbili.

Lakini taa ilikuwa nusu tu ya kosa. Siku nilipokwenda kuichukua nilibeba refraktometa. Chumvi ilisoma 39, inatakiwa 35. Nikamuuliza alivyokuwa anafanya. Kumbe taa yangu ilipasha maji, akaweka feni kuyapoza. Feni ikawa inakausha kama nusu lita kwa siku. Na yeye kila asubuhi anajazia maji ya chumvi, maana tangi ni la maji chumvi, si ndiyo? Maji yanapokauka chumvi haiondoki, inabaki kwenye tangi. Piga hesabu: siku 10 ni lita 5, kila lita ina gramu 35, jumla gramu 175. Gawa kwa lita 40, umeongeza zaidi ya gramu 4 kwa kila lita. Alitakiwa kujazia maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa. Si ya bomba yenye klorini, na si ya visima vyetu vya Dar, mengi yana chumvichumvi tayari.

Tangi kubwa lingevumilia. Dogo halina huruma, na wateja wetu wengi wanaanza na dogo.

Kipimo kingine ninachokazania ni alkali. Tumbawe likikua linajenga mifupa, na kila alkali ikishuka 1 kwa kipimo cha dKH, kalsiamu inashuka kama 7 tu kutoka kwenye 420 hivi. Kwa vipimo vyetu vya bei ndogo hiyo 7 huioni. Alkali utaiona. Kwa hiyo apime alkali kwanza, iwe 8 hadi 9 na isiyumbe, na akipandisha asizidishe 1 kwa siku. Taa mpya yenye nguvu inaongeza ulaji huo, ndiyo maana naona kuuza taa bila kipimo cha alkali ni kumtega mtu.

Wenzangu wananiambia ukiuliza maswali mengi mteja anahamia kwa jirani. Kweli, wengine wanahama. Lakini taa mtu ananunua mara moja, chumvi ananunua kila mwezi, na mimi nakula kwenye chumvi. Tangi likifa, vifaa vyake vinauzwa mtumba kwenye grupu lilelile ninalotafutia wateja.

Halafu wale mnaoniomba niwaletee vipande kutoka baharini, jibu ni hapana. Matumbawe magumu yako kwenye orodha ya CITES, yakivuka mpaka yanataka kibali, na hata bila mpaka siwezi kubomoa nyumba ya samaki kwa nyundo ili nipate oda.

Yule dada nilimuuzia baadaye taa ndogo, akalipa nusu nusu. Tumbawe moja lilirudisha rangi, mengine hayakurudi.

Sasa hivi nina oda ya taa ya mtu wa Mwanza, hela ameshasema anatuma. Nimemuuliza lita ngapi, chumvi inasoma ngapi, anajazia maji gani. Kajibu lita tu. Nimemwambia hela asitume kwanza, apime.