Bastola ya kiunoni mpakani Rusizi: kinga au hasara kwa mfanyabiashara?

RUSIZI, Rwanda — Tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Bukavu Februari 2025, usalama wa pesa njiani umepanda juu katika hesabu za wanaofanya biashara kati ya Kamembe na Kongo. Benki za Goma na Bukavu zilifunga milango mwaka huo, na aliyetaka kununua saruji, unga au vitambaa upande wa Rwanda alilazimika kuvuka daraja akiwa na dola za karatasi mwilini.

Wakati huo huo, silaha zilizagaa. Wanajeshi wa serikali walipoondoka Bukavu waliacha bunduki na risasi, na taarifa za siku zile zilieleza jinsi vijana, hata watoto, walivyoziokota. Wafungwa nao walitoroka gerezani. Mahali penye pesa nyingi za mkononi na bunduki nyingi zisizo na mwenyewe, si ajabu mfanyabiashara akaanza kuwaza kuwa na bastola yake, ndogo, ya kuficha kiunoni au chini ya kiti cha lori.

Swali la kiuchumi ni rahisi: je, bastola hiyo inapunguza hasara au inaiongeza? Kwa mtu anayevuka mpaka, jibu ni kwamba inaiongeza, hasa ikiwa ni bastola isiyo ya kawaida.

Kwanza ni sheria. Hakuna leseni ya bunduki ya raia inayotolewa na nchi moja ya ukanda huu na kutambulika moja kwa moja katika nchi nyingine. Rwanda inaongozwa na sheria yake ya silaha ya mwaka 2018, Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina sheria yake na bodi yake ya leseni, na Kongo bado ina sheria ya Septemba 1985, enzi za Mobutu. Dereva aliyepewa kibali Dar es Salaam hana kibali akishavuka Rusumo. Aliyepewa Nairobi hana kibali akishavuka Malaba. Mwenye leseni ya Kigali akifika katikati ya daraja la mto Rusizi, karatasi yake imekwisha nguvu.

Aidha, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, zikiwemo Rwanda na Kongo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi Aprili 2004. Itifaki hiyo inazitaka kuandikisha kila silaha iliyo mikononi mwa raia, kuzitia alama na kudhibiti uingizaji na upitishaji wake. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 nayo inaziweka silaha na risasi katika orodha ya bidhaa zenye masharti. Bidhaa ya namna hiyo ikiingizwa bila idhini huweza kutaifishwa pamoja na chombo kilichoibeba. Hapo ndipo bastola moja inapogeuka kuwa hasara ya lori zima.

Pili ni bastola yenyewe. Bastola za kawaida zenye namba, risiti na kibali ni ghali na hupatikana kwa uchunguzi mrefu. Kinachozunguka kwa siri ni zile zisizo za kawaida: za zamani zenye risasi ambazo hazipatikani tena, za kienyeji zinazotengenezwa na mafundi wa chuma, zilizoundwa kupiga sauti tu kisha zikabadilishwa ili zitoe risasi, na nyingine zenye umbo la kalamu. Ukanda huu una historia ndefu ya silaha za kienyeji. Tanzania wanazijua kama gobore na Burundi kama mugobore. Pembe ya Afrika imeshuhudia bastola za sauti kutoka Uturuki zikiingizwa kwa magendo na kubadilishwa.

Mvuto wake ni udogo na bei. Kasoro yake ni kwamba haina namba ya kuandikishwa, kwa hiyo haiwezi kuhalalishwa hata mwenyewe akitaka. Chuma chake hakijapimwa, kwa hiyo huweza kumpasukia aliyeishika. Na ikiwa imefichwa katika umbo la kitu kingine, askari wa mpakani haoni kinga ya mfanyabiashara. Anaona kifaa cha mhalifu au cha mpiganaji.

Hata Marekani, ambako Mahakama ya Juu iliamua Juni 2022 kwamba raia ana haki ya kubeba bastola nje ya nyumba yake, bunduki yenye umbo la kalamu au bakora iko chini ya usajili maalumu wa serikali kuu, kwa sheria ya mwaka 1934. Kilichobanwa huko hakiwezi kupita kirahisi Rusizi.

Wanaotetea kubeba bastola hukumbusha shambulio la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, ambapo raia wenye bastola halali walisaidia kuokoa watu. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini raia wale walikuwa katika nchi yao na silaha zao zilikuwa na leseni. Tena Kenya yenyewe, Desemba 2018, iliamuru wamiliki wote wa kiraia wahakikiwe upya.

Njiani hali ni tofauti. Magari ya abiria yaliposhambuliwa katika eneo la msitu wa Nyungwe Desemba 2018, kwenye barabara hiyo hiyo inayounganisha Kamembe na Kigali, washambuliaji walikuwa na bunduki za kivita. Bastola ya risasi moja au mbili mbele ya bunduki hizo haimwokoi mtu. Humfanya awe wa kwanza kulengwa.

Hatari hizi mbili pia hazilingani. Jambazi anaweza kuja siku moja katika mwaka, au asije kabisa. Upekuzi wa mpakani upo kila safari. Anayebeba bastola ya siri anaongeza hatari ya kila siku ili ajikinge na hatari ya siku moja. Jambazi akija huchukua pesa zilizopo. Bastola ikikamatwa, mwenyewe hupoteza mzigo, gari, muda, uhuru na jina lake kwa mawakala wa forodha.

Njia zenye gharama ndogo zipo. Kufungua akaunti Kamembe na kulipa kwa benki au kwa simu upande wa Rwanda hupunguza pesa za mkononi. Kugawa malipo katika safari kadhaa hupunguza hasara ya tukio moja. Malori yakisafiri kwa msafara na mchana huwa magumu kuvamiwa, na mzigo mkubwa huweza kuombewa ulinzi wa polisi wa nchi husika.

Wenye magari wana jambo moja zaidi. Bastola ya utingo au ya abiria aliyeomba lifti, ikikutwa ndani ya kabini, humweka dereva na mwenye lori katika kesi ileile. Kukagua kabini kabla ya kufika kizuizini hakugharimu kitu, na silaha iliyookotwa ipelekwe polisi upande ulioiokota, isivushwe.

Mamlaka nazo zina sehemu yao. Maadamu biashara ya Bukavu inategemea noti zilizofungwa kwenye kanga, wazo la bastola litaendelea kupata wateja. Kinachoweza kulimaliza ni huduma za benki zinazofanya kazi pande zote mbili za mto.